Mama Mdogo Ndani ya Ndoto ya Dada Yake

Mama Mdogo wangu huingia ndoto za watu kama fundi bomba anavyoingia jikoni kwa mtu: anatazama huku na huku, anaguna, kisha anauliza nani aliyeharibu hivi. Hana mbwembwe. Ana kitambaa cheusi cha kufunika macho, ana sweta la kuzuia baridi ya kiyoyozi, na ana mdomo. Wageni wakimwuliza anafanya kazi gani huwajibu, "Nafagia," na akishasema hivyo hataki swali la pili.

Kwa kweli ni kufagia. Mtu anaota kila siku yuko kwenye mtihani na kalamu haina wino, au meno yanamdondoka mbele ya wakwe, mpaka anaogopa kulala. Anakuja Kituoni kwetu, jengo la ghorofa moja nyuma ya karakana ya matairi, anajilaza, na Mama Mdogo anamfuata humohumo ndotoni kuiondoa ile takataka. "Watu ni wachafu," huniambia akitoka. "Mtu ofisini kwake hata klipu zimepangwa, ukiingia ndotoni huna pa kukanyaga." Alikula kiapo cha kutotoa siri za wateja, naye anakishika kwa namna yake. Hataji jina. Atapuliza chai tu na kusema, "Leo nimekuta meneja mzima anakimbizwa na bata," halafu hata umbembeleze vipi hakuambii bata alikuwa anadai nini.

Mimi ni mshika mkono wake. Mpenyaji, ndivyo wanavyoitwa watu wa kazi hii, akishalala kando ya mteja, mdomo wake unabaki na sisi: kila anachokiona na kusema kule ndani anakitamka huku nje kwa sauti ya mtu mwenye homa. Kazi yangu ni kukaa kwenye kigoda, kumshika mkono na kusikiliza. Mkono ukianza kupoa, namtikisa anaamka. Si kazi ngumu, ila inataka masikio, na inataka ujue kuzuia kicheko.

Wapenyaji wana taratibu zao. Wanavua viatu kabla ya kulala, na kule ndotoni wanatembea peku vilevile. Mtu akitaka anaweza kulala na viatu vyake na hakuna kitakachoharibika, lakini sijaona anayefanya hivyo. Ni mazoea yaliyowaingia mpaka kwenye mifupa. Wanajua pia kwamba hawawezi kumtoa mtu kwa nguvu kwenye ndoto isiyo yao, kwa sababu mwenye uwezo wa kufukuza ni mwenye ndoto peke yake. Na kubwa kuliko yote, mpenyaji haingii ndoto ya ndugu yake. Nilipoanza kazi nilimwuliza Mama Mdogo kwa nini.

"Kwa sababu utajikuta humo," akanijibu. "Utajiona kama anavyokuona yeye. Kuna mwenzetu aliingia ndoto ya mkewe, akajikuta yeye ni kabati. Tena limefungwa. Aliacha kazi wiki hiyohiyo."

Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka, na sasa najua alikuwa anamfikiria nani.

Mama yangu ni dada yake mkubwa, wako wawili tu. Mama ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, sebule yetu imejaa vipande vya vitambaa na harufu ya pasi. Bibi alipofariki aliacha cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu, ile nzito yenye gurudumu la chuma, na Mama Mdogo akaiwahi kabla matanga hayajaisha. Mtu huyo hajui kutia uzi kwenye sindano. Cherehani aliiweka sebuleni kwake na juu yake akapandisha televisheni.

"Umeifanya meza!" Mama alifoka siku alipoiona.

"Ni kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nini, ya taarifa ya habari?"

Hapo ndipo waliponuniana. Wakaacha kutembeleana, wakaacha kupigiana simu, na mimi nikageuzwa tarishi. Mama alinituma, "Kamwambie huyo mwenzako wa kazini..." na kazini nikatumwa, "Mwambie mama yako na kichwa chake kigumu..." Nilifikisha nusu ya maneno, nusu nyingine nilimeza kwa usalama wa ukoo.

Miezi ilipita hivyo. Halafu Mama akaanza kuwa na furaha, na hilo nililifurahia kama mjinga. Alikuwa akijilaza mchana baada ya chakula, kidogo tu, na akiamka anaimba.

"Nilikuwa na mdogo wangu," aliniambia siku moja akifunga vifungo vya shati la mteja. "Ndotoni. Amekuja, kanimiminia chai, kanisifia mshono, kaniambia dada una haki. Siku hizi ana adabu, sijui nani kamfunza."

Ningekuwa na akili timamu ningeshtuka palepale. Tangu azaliwe Mama Mdogo hajamwambia mtu yeyote kwamba ana haki. Lakini nilisema ndoto ni ndoto, nikacheka na Mama, na hata jirani wetu mpya aliyekuja kuchukua suruali yake akacheka na sisi. Huyo alikuwa amehamia chumba cha pili, kilichopakana ukuta kwa ukuta na chumba cha kulala cha Mama. Tulimwita Mpole. Alikuwa anasema pole hata kwa mlango akiusukuma.

Usingizi ukaanza kurefuka. Mama alilala mpaka jua likashuka, akaamka akiwa amekunja uso kwamba nimemkatizia maongezi. Nguo za wateja zikarundikana. Kisha ikaja ile siku: nilirudi nyumbani mapema, nikakuta amelala na mchuzi umekaukia sahanini, nikamwita, nikamtikisa, nikampangusa uso kwa maji. Alitabasamu tu akageukia ukutani. Nikamwita daktari.

Daktari alikuja, akampima, akasema mwili hauna tatizo lolote. Aliposema hivyo nikaelewa, kwa sababu Kituoni kwetu wodini tulikuwa na mwalimu mstaafu aliyelala hivyohivyo, uso umejaa tabasamu, na hakuna aliyeweza kumwamsha. Wapenyaji wanaita hali hiyo kulowea. Mtu wa kazi yetu anaingia ndoto ya mtu halafu hatoki. Anakaa humo, anajifanya mtu ambaye mwenye ndoto anampenda, na maisha kule ndani yanakuwa matamu mpaka mwenye ndoto haoni sababu ya kuamka. Wanaanza na mchana mmoja mmoja. Mwisho wake mwili unachoka kusubiri.

Nilimpigia Mama Mdogo. Nilijiandaa kubembeleza, lakini alikata simu kabla sijamaliza sentensi, na muda si mrefu nikasikia hatua zake ngazini. Alikuja na mwenzake wa kazi tunayemwita Kinyozi, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa akifanya zamani na mpaka leo anakutazama kichwa kabla ya uso. Mama Mdogo alisimama kando ya kitanda cha dada yake, akamtengenezea shuka ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Amekonda," akasema. "Kwa nini hukuniambia amekonda?"

"Mlikuwa hamsemezani."

"Mimi na yeye ndio hatusemezani. Wewe ulikatazwa na nani?"

Kinyozi alilaza godoro chini, akavua viatu, akafunika macho, nami nikamshika mkono. Haikuchukua muda midomo yake ikaanza kucheza. "Sebule," akanong'ona. "Vitambaa... cherehani... ah, kumbe upo! Asante, sukari kidogo tu." Mara akafumbua macho, ameridhika.

"Hamna shida," akasema akijinyoosha. "Nimekukuta wewe mwenyewe mle, unamimina chai. Umeniambia kila kitu shwari, nirudi tu. Nikajua huyo ni wewe wa kwenye ndoto ya dada yako, lazima uwemo, si ndugu?"

Mama Mdogo alikuwa anamtazama miguu.

"We Kinyozi. Nilikuwa nimevaa nini miguuni?"

Kinyozi alifumba macho kukumbuka. Alipoyafumbua, uso ulikuwa umempauka. "Peku," akasema.

Hatukuhitaji kuelezana. Watu wanaozaliwa ndani ya ndoto huvaa viatu kama watu wengine wowote. Anayetembea peku ametoka nje, na amejifunza kazi mahali petu. Mama Mdogo alishika kichwa. Kulikuwa na mtu mmoja, akatuambia, aliyeachishwa kazi Kituoni kabla sijaajiriwa, kwa sababu kila akiingia ndoto ya mteja alichelewa kutoka. Mtu mwenye sauti laini, hata kuku asingemkimbia.

"Narudi nikamtoe," Kinyozi akasema.

"Utamtoa vipi? Mwenye kumtoa ni dada, na dada yangu amfukuze mdogo wake kwa neno la kinyozi?" Alikuwa tayari anavua viatu, vyeupe, vidogo, akavisukuma kando ya kitanda palipokuwa na vile vya Mama. "Naingia mimi."

"Sheria," nikasema.

"Naijua sheria." Alijilaza, akanipa mkono, akaninong'oneza ili Kinyozi asisikie. "Naogopa, mwanangu. Yule mtu simwogopi. Naogopa nitakayemkuta mle. Dada yangu nimemchukulia kitu cha mama yetu kabla kaburi halijakauka, unadhani ananiweka moyoni kama nini? Nitajikuta mwizi na televisheni mgongoni." Akavuta pumzi. "Na mkono ukipoa usinitikise. Ukinitikisa natoka mimi, yeye anabaki, na mlango haufunguki tena. Nitatoka naye au tutalala wote wawili."

Nilitaka kukataa. Kitambaa kilikuwa kimeshafunika macho.

Alianza kusema taratibu. "Ngazi zetu hizi. Harufu ya pasi. Mlango uko wazi... Namwona dada. Anashona, anacheka. Na mimi niko mezani namimina chai. Jamani, nimependeza! Hata shingo yangu kairefusha, mshenzi huyu." Kinyozi alijifunika mdomo kwa kiganja. Mama Mdogo akaendelea, sasa kwa sauti mbili, yake na ya kunukuu. "Dada, ni mimi. 'Karibu mgeni, mshono ni wiki ijayo.' Dada, si mgeni, ni mdogo wako. 'Mdogo wangu huyu hapa.'"

Akanyamaza. Vidole vyake vikaanza kupoa mkononi mwangu.

"Chini ya meza kuna mtoto," akasema hatimaye. "Kasichana. Kamekumbatia mguu wa dada. Kamevaa viatu vya dada, vikubwa, vinakaribia kumfika magotini. Dada anashona, na mkono wake mwingine unashuka kila mara kukashika kichwa, kama anahakikisha bado kapo. Ni mimi. Aliyemo humu ni huyo. Hakuna mwingine."

Machozi yalitoka chini ya kile kitambaa cheusi yakateremka mpaka masikioni. Mimi nilishindwa kujizuia, nikalia waziwazi.

Basi akafanya alichoona kinafaa. Akaomba radhi. "Dada nisamehe, cherehani ni yako, nitaileta leo." Tulisubiri. "Anatabasamu," akasema kwa unyonge. "Anasema asante mgeni, hata mdogo wangu kaniambia hivyohivyo asubuhi." Mkono ulikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Kinyozi alinitazama, mimi nikatikisa kichwa kwamba hapana, kanikataza, simtikisi, na nilichukia kumtii kuliko nilivyowahi kuchukia kitu.

"Anampa tena chai," Mama Mdogo alinong'ona, maneno yakimchoka mdomoni. "Anamsifia gauni. Anasema dada, mshono huu haujawahi kutokea. Gauni lenyewe..." Akasita. "Gauni lenyewe kwapa limepinda."

Vidole vyake vikacheza.

"Limepinda, dada! Huoni? Moja liko juu moja liko chini, mteja akiinua mkono kusimamisha teksi atachanika! Huyu anakusifia nini? Mama angekuwepo angekufumulisha lote! Usininyamazie! Na cherehani sikupi, nimebadilisha mawazo! Piga ua sikupi! Televisheni yangu imekaa vizuri pale, siiondoi!"

Kitandani, Mama alikunja uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nzima lile tabasamu likamtoka. Midomo yake ikatikisika, na tukasikia kutoka kwake mwenyewe, kwa mbali, "We mtoto..."

"Amesimama!" Mama Mdogo akasema, mkono wake sasa ukiwa moto. "Kachukua ubao wake wa kupimia nguo. Ananitazama. Sasa anamgeukia yule mwenye shingo. Anamwuliza, 'Na wewe, unaonaje, kwapa limepinda?' Yule anasema hapana dada, limekaa vizuri kabisa." Akacheka, kicheko cha machozi. "Anamwambia, 'Basi wewe si ndugu yangu. Toka!' Anampiga na ubao! Anamtoa! Ngazini, anampeleka mpaka ngazini!"

Ng'ambo ya ukuta, kwenye chumba cha pili, kitu kizito kilianguka sakafuni.

Tulitazamana na Kinyozi. Mpenyaji hawezi kuingia ndoto ya mtu aliye mbali. Ukuta mmoja ndio mwisho wake. Jibu lilikuwa mbele yetu siku zote na hatukuliona, kwa sababu mtu mmoja tu angemtambua jirani yule kwa sura, na huyo alikuwa amenuna nyumbani kwake na televisheni yake.

Kinyozi alitoka mbio. Mama alifumbua macho, akaniona, akamwona mdogo wake anavua kitambaa palepale chini kwenye godoro, na neno lake la kwanza baada ya usingizi ule wote lilikuwa, "Cherehani yangu iko wapi?"

"Ipo inapokaa," Mama Mdogo akajibu.

"Nilijua. Mwizi wewe."

"Na kwapa limepinda."

"Kwapa lipi?"

Nikawaacha hapo, nikaenda chumba cha pili. Mpole alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, viatu vyake vimepangwa vizuri mlangoni, analia bila kelele. Hakubisha lolote. Alisema alikuwa anamsikia Mama kupitia ukutani, kila siku akimlalamikia mdogo wake, na hakuna mtu aliyewahi kumlalamikia yeye namna ile.

"Kule ndani nilikuwa na dada," akasema. "Pole sana."

Nilikuwa nimeingia na hasira za kumvunja mtu mbavu, nikakosa pa kuzipeleka. Kinyozi akamwambia avae viatu, akampeleka Kituoni wakamshughulikie wenye mamlaka. Mwalimu mstaafu naye alikuwa kazi yake, alikiri njiani; alipomwacha, ndoto iliendelea yenyewe. Kituo sasa kinamtafutia mwalimu ndugu yeyote mwenye kelele.

Niliporudi, walikuwa wamefikia habari za mwaka wa nyuma. Mama ameketi kitandani, anakula kama aliyetoka kufunga, anaongea na chakula mdomoni. Mama Mdogo amesimama katikati ya chumba, hataki kukaa, hataki kumtazama dada yake usoni. Mara anakunja shuka, mara analifungua dirisha, mara analifunga. Nikajua bado anakaona kale katoto. Mama alipomwuliza mbona macho mekundu, akasema ni vumbi la vitambaa, kuna wateja wanamsubiri, akavaa viatu haraka, akatoka bila kuaga.

Mama alisikiliza hatua zake zikishuka ngazi. Zilikuwa na mlio wa ajabu, pwata, pwata, kama mtu anayekanyaga matope. Akajishika ukutani akasogea dirishani, nami nikamfuata.

Mama Mdogo alikuwa anavuka barabara. Yeye, anayekagua viatu vya watu kila siku ya Mungu, alikuwa ameviacha vyake vyeupe kando ya kitanda na kuondoka na vya Mama, na Mama ana mguu mkubwa. Vilikuwa vinamvuka visigino kila hatua. Ilibidi akunje vidole ili visimtoke.

Mama alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mwone," akasema polepole. "Alijifunzia kutembea kwenye viatu vyangu. Nilikuwa namshika kichwa asianguke."

Nikafungua mdomo kumwita, Mama akanizuia kwa mkono.

"Mwache aende navyo. Atavirudisha mwenyewe." Halafu akatoa kichwa nje ya dirisha, akapaza sauti mtaa mzima ukageuka: "Na cherehani yangu!"

Kule chini, Mama Mdogo hakugeuka. Aliinua mkono mmoja juu kwamba amesikia, akaendelea na safari taratibu, akiviburuta.